Fundi Kasian Kalinga na Mbao Sita Kavu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, fundi Kasian Kalinga alivua aproni yake, akaikung'uta vumbi nje ya mlango wa karakana kama afanyavyo siku zote, kisha akaitundika kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Amestaafu akiwa na umri wa miaka sitini, baada ya kuitumikia karakana yetu ya useremala ya misheni, hapa Mbeya, kwa miaka thelathini na sita na siku hamsini na sita. Hizo siku hamsini na sita amezihesabu Esnath wa vanishi kwenye kalenda ya ukutani, na ametuonya zisiachwe.

Bruda Clement, msimamizi wetu, aliagiza wasifu huu wa jarida letu uwe wa kurasa mbili na uwe wa kuchangamsha. Kurasa zimezidi. Kuhusu kuchangamsha, mwandishi amejitahidi, lakini amefanya kazi meza moja na Kasian kwa miaka ishirini na saba na anajua miaka ile ilikuwa na nini ndani yake. Zaidi ya hayo, kuna jambo linalosimuliwa juu ya Kasian katika karakana hii tangu mwaka 1999 ambalo si kweli. Asiondoke nalo.

Kasian alizaliwa Kilolo, mkoani Iringa, katika familia ya wakulima Wakatoliki. Alijifunza useremala kwa baba yake mdogo, akaja Mbeya akiwa na miaka ishirini na minne, na msumeno mmoja uliofungwa kwenye gunia. Aliajiriwa tarehe 2 Mei 1989. Tangu siku hiyo ametengeneza mabenchi ya makanisa mengi kiasi kwamba ukisali popote kuanzia Mbalizi hadi mpakani mwa mkoa, huenda umemkalia Kasian bila kujua. Amefundisha mafundi arobaini na mmoja. Wawili kati yao sasa wana karakana zao na wanatunyang'anya wateja, jambo ambalo yeye hulisema kwa majivuno na Bruda hulisema kwa uchungu.

Hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1994 alitengeneza kitubio, kile kibanda cha kuungamia, cha parokia moja, kazi safi ya mninga, akakipima kwa kuingia mwenyewe. Kasian ni mwembamba. Paroko hakuwa mwembamba. Siku ya kwanza ya kuungamisha, baba paroko aliingia vizuri, akasikiliza dhambi za watu kumi na tisa, na kutoka akashindwa. Ilibidi Kasian aitwe aje na bisibisi, waumini wakiwa wamejaa kanisani, wameinamisha vichwa kama wanaosali. Kila msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Kasian akirudi kutoka Kilolo na dumu lake, paroko huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtembelea.

Wasomaji wa nje ya karakana wanahitaji kuelezwa namna tunavyoanza siku, maana bila hilo hawatamwelewa Kasian. Saa moja na nusu asubuhi tunasimama kuizunguka meza kubwa ya randa. Baada ya sala fupi, kila mmoja kwa zamu anataja jambo moja analomshukuru Mungu, na wote tunajibu: Asante Bwana. Kuna masharti mawili. Hurudii ulilolitaja wiki hiyo, na huruhusiwi kusema uzima wala afya, kwa sababu bruda aliyeanzisha utaratibu huu alichoka kuwasikia watu kumi na wawili wakishukuru uzima huku wakipiga miayo. Mwandishi ni Mmoravian, Yotamu wa mashine ya kupasulia ni mlokole, waliobaki ni Wakatoliki, lakini kwenye meza ile tunapangwa kwa zamu tu.

Kasian alikuwa bingwa wa shukrani ndogo. Alimshukuru Mungu kwa gundi iliyokauka usiku wa baridi. Alimshukuru kwa umeme uliokatika sekunde chache kabla Yotamu hajaharibu ubao wa mninga, na Yotamu akaitikia Asante Bwana kwa sauti ya chini kuliko wote. Wakati fulani alishukuru kwamba mke wake Bertha alikuwa amemnunia, kwa kuwa siku akinuna hupika vizuri zaidi ili asipate pa kulaumiwa. Wageni walidhani anatania. Sisi tulijua hatanii, na asubuhi nyingi tulikuja tukitaka tu kusikia atasema nini.

Sasa jambo la mwaka 1999. Kila kijana anayeanza kazi hapa husimuliwa, na kwa kicheko, kuhusu jeneza la Mbalizi: kwamba Kasian, fundi mkubwa, aliwahi kutengeneza jeneza likafunguka makaburini. Kwamba ndiyo sababu aliondolewa kwenye majeneza mwaka mzima akawa anatengeneza stuli. Kwamba ndiyo sababu wazee wa hapa walimwita Kasian wa Mbalizi.

Ukweli ni huu. Ilikuwa Machi, mvua za kutosha. Familia moja ya Mbalizi ilifiwa na baba, na Kasian akaenda kumpima. Yeye hapimi marehemu kwa futikamba. Hutumia kamba ya katani, anaikata palepale, na kazi ikiisha huiweka kamba hiyo ndani ya jeneza, chini ya miguu, ili isije ikapima kitu kingine. Alirudi na kamba, akamkabidhi fundi mmoja kijana aliyebakiza wiki tatu kumaliza mwaka wake wa majaribio, kisha akaenda kufunga madirisha ya kanisa alikokuwa anasubiriwa. Alimwagiza atumie mbao kavu za juu. Mbao za juu zilikuwa juu kweli, zikihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa imeazimwa. Chini palikuwa na shehena mpya ya paini kutoka Mufindi, bado mbichi, inanukia. Kijana alitazama juu, akatazama chini, akachukua za chini.

Jeneza lilikaa siku mbili sebuleni, karibu na jiko la mkaa, likiwasubiri ndugu kutoka Dar es Salaam. Mbao zilisinyaa, misumari ikalegea. Makaburini, lilipoinuliwa, ubao wa chini uliachia upande wa miguu. Wanawake walivua khanga zao wakalifunga, na mzee wa watu akashushwa hivyo, mvua ikinyesha.

Jumatatu walikuja wanaume watatu wa familia ile wakauliza nani alitengeneza. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya lundo la milango. Kasian, ambaye hakuwa hata amegonga msumari mmoja wa jeneza lile, alisema: "Mimi."

Kijana huyo ni mimi, Eliezeri Mwakipesile, ninayeandika wasifu huu, na hapa naomba niache kujiita mwandishi. Ningefukuzwa kazi siku ile. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza mwaka ule, na baadaye hadithi ikawa ya kuchekesha, nikacheka na wenzangu. Ndiyo aibu yangu kubwa zaidi, kule kucheka.

Kasian hakunisema. Jumapili nne mfululizo alikwenda Mbalizi kwa mjane wa yule mzee, mama Atuganile, akamtengenezea mlango na benchi la nje. Siku moja tu alinishika bega, akanionyesha mbao sita za paini, kavu, zilizopigwa randa pande zote. Alizipandisha mwenyewe kwenye kenchi za paa, juu ya meza ya randa. Alisema hizo ni za jeneza tu, hata mteja wa kitanda alie machozi, na kwamba kila Jumamosi nizigeuze zisije zikapinda. Zikitumika, tunapandisha nyingine sita. Nimezigeuza tangu wakati huo. Watu wamedhani ni utaratibu wa karakana. Ulikuwa utaratibu wa watu wawili, na hatukuwahi kuuzungumza tena.

Machi 2017 mtoto wa pili wa Kasian, Sosthenes, aliyekuwa akiuza vifaa vya simu Mbalizi, aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, akirudi nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Alikuwa na miaka ishirini na minne, umri ambao baba yake aliingia nao Mbeya. Bruda alisema jeneza litengenezwe na mwingine. Kasian alikataa. Alipanda ngazi mwenyewe, akashusha zile sita. Tulifanya kazi wawili mchana kutwa, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hata tungetaka kuongea tusingesikizana. Alipiga randa mbao ambazo tayari zilikuwa laini. Mama Atuganile, yule mjane, alikuja Soweto akakaa mkekani na Bertha hadi gari la kwenda Kilolo lilipoondoka.

Kasian alirudi kazini baada ya siku tisa. Tulisimama kwenye meza. Zamu ilipomfikia, Bruda alikuwa ameshafungua mdomo ili ampitishe. Ndipo akasema: "Nashukuru mbao zilikuwa kavu."

Wenzangu waliitikia Asante Bwana, na nina hakika walidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Mimi niliitikia kwa kuchelewa, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya tangi la maji.

Nimetamani wasifu uishie pale, maana pale imani yake ilikuwa bado imesimama kwa namna ambayo mtu anaweza kuiandika jaridani. Haukuishia. Bertha aliugua saratani. Kwa miaka miwili Kasian alikuwa mtu wa mabasi, Mbeya hadi Dar es Salaam na kurudi, na asubuhi aliyokuwepo alisimama mezani na kutaja kitu: Bertha amekunywa uji, Bertha amelala kwa saa tatu, Bertha amemnunia. Agosti 2022 Bertha alifariki. Safari hii Kasian alishika kamba ya katani, akasimama mlangoni mwa chumba, akarudi. Alinipa. "Mpime wewe, Eliezeri, mimi siwezi." Nikampima. Nikaweka kamba chini ya miguu yake.

Aliporudi kazini, zamu ilipomfikia, alisema neno moja tu: "Sina."

Hakuna aliyeitikia Asante Bwana. Mwenzake wa kushoto, baada ya kukohoa, akashukuru kwa kitu fulani kuhusu msasa. Kesho yake Kasian akasema sina. Wiki nzima ikawa sina, akivunja hata sharti la kutorudia. Mwisho wa wiki Bruda Clement, kwa wema kabisa, alimwita pembeni akamwambia kuanzia Jumatatu zamu yake itarukwa mpaka moyo utakapotulia. Kasian, mtu asiyewahi kumkatalia Bruda chochote, alisema kwa sauti iliyosikika karakana yote: "Msiniruke. Nitasimama, mtanifikia, nitasema nilichonacho. Kama sina, nitasema sina. Lakini msiniruke."

Yotamu aliumia. Anampenda Kasian, na kwake yeye Mkristo kusema sina mbele za Mungu ni kumpa shetani kiti. Wakati wa chai alimkalisha na kumhubiria juu ya furaha, kwamba ndiyo nguvu ya aaminiye, na asipokuwa na furaha atabaki na nini. Kasian alimaliza kikombe chake. Alimwambia anayasadiki hayo yote, ila kwake yamekuja kinyumenyume: amepewa nguvu kwanza, tena ya kupimiwa, ya kuamka na kufika mezani saa moja na nusu, na furaha hajaiona bado. Akaongeza: "Nikimdanganya Mungu asubuhi, Yotamu, mchana nitamwomba kwa mdomo upi?" Yotamu hakumhubiria tena, lakini alianza kumpitia Soweto kila asubuhi ili waje wote kwa miguu.

Kisha ilikuja asubuhi ya Esnath. Ilikuwa Novemba, baridi imeisha, na Esnath alikuwa amelala vibaya kwa ajili ya harusi ya jirani. Zamu ikafika kwa Kasian. Kasian akasema sina. Na Esnath, macho yamefumba, kwa mazoea ya miaka kumi na tano, akajibu peke yake kwa sauti kubwa: "Asante Bwana."

Alifumbua macho, akashika mdomo. Tulimtazama Kasian, na Kasian alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika, na mimi nilidhani sasa tumemuua. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni, ukabaki unga wa mbao mashavuni, na Esnath akalia, na Bruda akasahau kufunga sala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kesho yake alisema sina, kama kawaida, akatutazama mmoja mmoja, akingoja. Tukamjibu wote: Asante Bwana.

Tumefanya hivyo kwa karibu miaka mitatu. Sitaki kupamba. Hakupona. Kuna siku alisema sina kwa sauti iliyotutia hofu, na siku nyingine kama mtu anayesalimia. Siku moja moja, baada ya mlo mzuri, tulimtazama kwa tamaa, tukidhani leo atataja kitu, na akasema sina. Lakini hakukosa asubuhi hata moja isipokuwa alipolazwa kwa kifua, na kazi yake haikuharibika. Mimbari ya mwisho aliyoitengeneza, Aprili mwaka huu, imeungwa kwa gundi na vishikizo vya mbao tu, haina msumari hata mmoja.

Wiki mbili kabla ya kustaafu kwake nilikwenda Mbalizi kwa mama Atuganile, ambaye sasa ni bibi wa miaka themanini na kitu, bado anakaa kwenye benchi lile. Nilimwambia nani alitengeneza jeneza la mumewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa nini nimemletea yeye, mumewe amekwisha kuzikwa siku nyingi. "Kamwambie Kasian," akasema, "na hao mliokuwa mnacheka nao." Kwa hiyo nawaambia. Wote mnaosoma, na vijana wote mliosimuliwa: Kasian Kalinga hajawahi kutengeneza jeneza bovu. Lile lilikuwa langu. Naomba radhi kwake, na kwa familia ile, na kwa kila niliyecheka naye.

Ijumaa asubuhi, siku yake ya mwisho, tulisimama mezani wote, hata mlinzi na mpishi. Sabina, mtoto wake wa kwanza, mwalimu huko Iringa, alikuwa amekuja kumchukua. Kila mtu alikuwa anamngoja yeye, na kila mtu aliyetangulia alishukuru kwa kifupi ili tusichelewe kumfikia. Tuliogopa. Tulijua ana haki ya kusema sina, na tulijua akiisema leo tutaibeba hivyo.

Zamu ikamfikia. Alitazama juu kwenye kenchi, zilipo mbao sita alizozichagua mwenyewe mwezi Mei. Hajasema ni za nani, nasi hatukuuliza. Akashusha macho.

"Nashukuru hamkuniruka," akasema.

Karakana nzima ilishindwa kujibu. Yotamu alikuwa ameweka uso ukutani, Esnath ndiyo kabisa. Kasian alingoja kidogo, akaona hatuwezi, akajijibu mwenyewe: "Asante Bwana."

Fundi Kasian, kwa niaba ya karakana yote, asante kwa mabenchi, kwa mafundi arobaini na mmoja, kwa paroko uliyemfungia na ukamfungulia, na kwa neno moja ulilolisema kwa ajili yangu ambalo sikustahili. Nenda Kilolo salama, ukakae karibu na walikolala Bertha na Sosthenes, na Mungu aliyekupa nguvu ya asubuhi hata asubuhi akuongezee na ile furaha uliyoingoja. Tunakutakia maisha mema, na ulanzi mwingi wenye majirani wa kuunywa nao. Mbao nitazigeuza kila Jumamosi. Na kuanzia Jumatatu, saa moja na nusu, zamu ikifika mahali pako tutasimama kimya kwa muda wa mtu kusema neno moja, kisha tutajibu. Hatutakuruka.